Mandhari na Mzigo: Ziwa na Mlima katika Masimulizi ya Safari ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ziwa na mlima vinavyosawiriwa katika masimulizi ya safari ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya mandhari, kama inavyotumiwa katika uhakiki wa Kiswahili, imebeba jicho la mtazamaji asiyefanya kazi mahali anapopatazama. Kwa sababu hiyo, nathari ya kale ya safari imehukumiwa kuwa haina maelezo ya mahali, ilhali inayo ya aina nyingine. Aina tatu za usawiri zinalinganishwa: ya mtazamaji, ya mbeba mzigo na ya mkazi. Mfano wa Ziwa Bogoria unaonyesha kuwa tofauti baina ya aina hizo inavuka mipaka ya fani na kuingia katika haki za watu.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Sugoi, katika nyanda za mahindi za Uasin Gishu, akapitia Eldoret na kuelekea mashariki, huwa hahisi kwamba yuko juu mpaka afike Iten. Hapo ardhi hukatika ghafla. Barabara huteremka ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach, huvuka bonde la Mto Kerio, hupanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, kisha hushuka tena hadi Marigat. Kutoka Marigat, Ziwa Baringo liko upande wa kaskazini na Ziwa Bogoria upande wa kusini. Katika mwendo usiozidi siku moja, msafiri huyo ametoka nyanda zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kufika kwenye maziwa yaliyo karibu mita 1,000 tu.

Njia hii imekuwa njia ya matembezi. Iten inajulikana ulimwenguni kwa wanariadha wanaofanya mazoezi huko, na kutoka ukingo uleule watu huruka angani kwa miavuli na kuelea juu ya bonde. Baringo, wageni hupanda mashua kutazama ndege, viboko na mamba. Bogoria, hutazama chemchemi zinazorusha maji yachemkayo na makundi ya heroe kandokando ya maji ya magadi. Wanafunzi wa shule na vyuo nao hupelekwa huko, nao wakirudi huandika. Insha zinazotokana na ziara kama hizi zinafahamika kwa kila mwalimu wa Kiswahili: ziwa limetulia kama kioo, milima imejipanga, upepo mwanana unavuma, na yote kwa jumla ni mandhari ya kupendeza.

Si nia ya makala haya kuwacheka wanafunzi. Insha hizo ni ushahidi wa malezi ya kifasihi, kwani mwanafunzi huandika kwa jicho alilofundishwa. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: jicho hilo limetoka wapi, na linapotumiwa kuwa kipimo cha kuhakikia maandishi mengine, linaona nini na linaficha nini? Ili kulijibu, sehemu ya 2.0 inachunguza neno mandhari na historia ya mtazamo unaoambatana nalo. Sehemu ya 3.0 inaangalia nathari ya Kiswahili ya safari za karne ya kumi na tisa. Sehemu ya 4.0 inamtazama Aniceti Kitereza, na sehemu ya 5.0 inarudi bondeni, kwenye Ziwa Bogoria, ambapo suala hili lilifikishwa mbele ya tume ya haki za binadamu.

2.0 Mandhari na jicho la mtazamaji

Katika vitabu vya uhakiki wa Kiswahili, mandhari huorodheshwa miongoni mwa vipengele vya fani, pamoja na muundo, mtindo, wahusika na matumizi ya lugha. Kwa kawaida hufafanuliwa kuwa mahali na wakati ambapo matukio hutendeka. Fasili hiyo ni nyepesi na inafaa darasani. Hata hivyo, inafunika jambo moja. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutazama. Mzizi huohuo umetupa neno nadharia, ambalo ndilo msingi wa taaluma yote ya uhakiki. Mandhari ni kile kinachotazamwa, na nadharia ni namna ya kutazama. Yote mawili yanamhitaji mtu aliyesimama mbali kidogo na kitu. Ndiyo maana si ajabu kwamba neno lilelile linalotumiwa na mhakiki kwa maana ya mahali pa matukio hutumiwa na mwenye hoteli kwa maana ya sura nzuri ya nchi. Maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati tu.

Mtazamo wa nchi kuwa picha una historia yake. Katika fasihi ya Kiingereza, mfano ulio mashuhuri zaidi ni wa wilaya ya maziwa na milima ya kaskazini mwa Uingereza, iliyokuwa makao ya mshairi William Wordsworth. Pamoja na mashairi yake, Wordsworth aliandika kitabu cha kuwaongoza wasafiri wa wilaya hiyo. Kilianza mwaka 1810 kama utangulizi usio na jina la mwandishi katika kitabu cha picha, na toleo lake la tano lilitoka mwaka 1835. Ndani yake anadai kwamba nchi ile ihesabiwe kuwa mali ya taifa zima kwa ajili ya uzuri wake. Lakini mwaka 1844, reli ilipopangwa kupelekwa karibu na Ziwa Windermere, aliipinga hadharani, kwa kuona kuwa umati utakaoletwa na reli haungeweza kuufaidi uzuri huo bila kuuharibu. Mkinzano huu ni wa msingi. Mandhari hutangazwa kuwa ya wote, kisha hutafutwa wanaostahili kuitazama.

Mtazamo huo uliingia Afrika Mashariki kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa shule, ambamo watoto walikariri mashairi ya maua na maziwa wasiyoyajua. Hati ya mwaka 1968 ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, iliyotaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi iondolewe, ilikuwa kwa sehemu jibu kwa elimu ya namna hiyo. Njia ya pili, iliyotangulia ya kwanza, ilikuwa vitabu vya wavumbuzi. Mary Louise Pratt, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu maandishi ya safari na ukoloni, anaonyesha kuwa maandishi hayo yana tukio linalojirudia. Mvumbuzi hupanda kilele, hutazama nchi iliyo chini, huisifu kama mchoro, na kwa kuisifu huifanya iwe kana kwamba ni yake. Tendo la kuvumbua, kwa hoja ya Pratt, ni maneno tu, maana wenyeji waliomwongoza hadi kileleni walikuwa wakiijua nchi hiyo siku zote.

Hoja hii inathibitika vizuri katika eneo linalohusika hapa. Joseph Thomson, katika safari yake ya 1883 na 1884 iliyosimuliwa katika kitabu cha mwaka 1885, alilifikia Ziwa Baringo akitokea ukingo wa Laikipia. Alilitazama kutoka juu kabla ya kuteremka Njemps, nchi ya Wailchamus. Baadaye alivuka milima ya Tugen na bonde la Kerio, akapanda ukingo wa Elgeyo na kukata nyanda za Uasin Gishu akielekea magharibi. Kwa maneno mengine, alipita njia ya msafiri wetu wa Sugoi, ila kinyumenyume. Nyanda hizo alizieleza kuwa tupu, na ni kweli kwamba vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimewaondoa wakazi wake. Hata hivyo, utupu wa muda si sawa na utupu wa asili. Mashimo ya Sirikwa yaliyotapakaa katika nyanda hizo yanaonyesha kuwa watu walifuga hapo karne nyingi kabla ya hapo. Utupu uliosimuliwa kama sifa ya nchi ulikuwa na matokeo yake: kuanzia mwaka 1908 walowezi wa Kikaburu waliwasili, ardhi ikapimwa na kupewa namba, na mji wa Eldoret ukaota kwenye shamba namba 64. Jina la Sisibo ambalo wenyeji wanauita mji huo hadi leo ni namba hiyo iliyomezwa na ulimi wa Kiafrika.

Wakati Thomson akitazama, wengine walikuwa wakifanya nini? Mashamba ya Wailchamus yaliyomwagiliwa maji kwa mifereji ndiyo yaliyoipa misafara nafaka. Bila mashamba hayo, Baringo isingekuwa kituo cha msafara wowote, wa Mzungu wala wa mpwani. Aidha, Thomson alisafiri kwa sehemu pamoja na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, ambaye miaka michache baadaye aliongoza pia msafara wa Teleki na von Höhnel uliopitia Baringo mwaka 1887 na 1888. Kimemeta aliijua njia. Hakuacha kitabu, na kwa hiyo mvumbuzi akawa yule aliyeandika.

3.0 Lugha ya mzigo

Hata hivyo, wapo Waswahili wa kizazi cha Kimemeta walioacha maandishi. Kinachomkabili mhakiki anapoyasoma ni ukimya. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, nayo yakachapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya ishirini. Aliyoyapita ni miongoni mwa maeneo ya maziwa na milima yaliyo makubwa zaidi duniani: Tanganyika, Mweru, na misitu iliyo mbele yake. Msomaji anayetafuta mandhari ya kupendeza katika kitabu hicho atakifunga mikono mitupu. Ziwa ni kitu cha kuvuka, na mlima ni sababu ya kuchelewa. Kilichojaa ni siku za mwendo, majina ya watawala, bei, frasila za pembe, deni, njaa, ndui na vita. Vita vyake na Nsama wa Itabwa, katika nchi iliyo baina ya Tanganyika na Mweru, vimesimuliwa kwa urefu, ila nchi yenyewe haikuchorwa.

Ni rahisi kuhukumu kwamba huu ni upungufu wa ufundi, yaani kwamba nathari ya Kiswahili ilikuwa bado changa na haijajifunza kueleza mahali. Hukumu hiyo haisimami. Washairi wa pwani wa wakati uleule na wa kabla yake waliweza kuyasifu majumba, bustani na bahari kwa ufundi mkubwa. Lugha haikukosa maneno. Kilichotofautiana ni shughuli. Kwa mtu wa msafara, mahali hujulikana kwa mambo manne: maji, chakula, umbali na ruhusa. Je, kuna maji ya watu mia kadhaa? Nafaka inauzwa, na kwa nguo gani? Kituo kinachofuata kiko siku ngapi mbele? Nani anadai hongo, na kiasi gani? Masimulizi yanayojibu maswali haya yanaeleza mahali kwa ukamilifu, ila hayaelezi sura yake. Yanaeleza mahali panamdai nini mwenye kupita.

Neno hongo lenyewe linastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha leo lina maana ya rushwa, na msomaji wa sasa hulisoma kwa kinyaa. Katika masimulizi ya misafara, hongo ni malipo anayopewa mwenye nchi ili msafara upite. Kila linapotajwa, hata kwa manung'uniko, simulizi inakiri kwamba nchi ina mwenyewe. Mvumbuzi aliyesimama kileleni anaweza kuiona nchi tupu. Aliyelipa hongo hawezi. Hapa ndipo lugha ya mzigo inapoishinda lugha ya mandhari kwa ukweli, ingawa inashindwa nayo kwa rangi.

Mfano wa pili unatoka mbali zaidi. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa masimulizi ya safari za Waswahili, na ndani yake mna simulizi ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani Theodor Bumiller kama mtumishi katika safari ya mwaka 1896 kupitia Urusi, Siberia na milima ya Altai hadi Asia ya Kati. Simulizi hii ina uzito wa pekee kwa sababu inageuza mpangilio uliozoeleka. Hapa Mwafrika ndiye anayeandika juu ya milima ya ugenini, na wenyeji wa nchi za baridi ndio wanaoelezwa desturi zao. Mtu angetarajia kwamba mwandishi, akiwa amekwisha kukaa na Wazungu, angeazima jicho la bwana wake. Hakuliazima. Anapofika mahali hutaka kujua watu wanakula nini, wanavaa nini, wanalala wapi na wanasafiri kwa mnyama gani. Baridi kwake ni jambo la mwili kabla ya kuwa sura ya theluji. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha mizigo imefungwa na chakula kimepatikana, safari haiwezi kuwa picha, kwa kuwa yeye ndiye anayeifanya iwezekane.

Maandishi haya hayana budi kusomwa kwa tahadhari. Kwanza, masimulizi ya mkusanyiko wa Velten yalichapishwa kwa kazi ya mwalimu wa Kiswahili wa Berlin, kwa ajili ya wanafunzi wa Kijerumani waliotarajiwa kwenda koloni. Yumkini mwelekeo wa kueleza desturi za watu ulichochewa na msomaji huyo. Pili, na hili ni zito zaidi, lugha ya mzigo haina usafi wa kimaadili. Tippu Tip anahesabu pembe, ila wale waliozibeba hawasemi. Wapagazi wamo katika simulizi kama idadi, kama kero wanapotoroka, au kama maiti ndui inapopita. Na miongoni mwa waliotembea katika misafara hiyo walikuwamo watumwa. Simulizi inayokiri kwamba nchi ina mwenyewe inaweza, katika ukurasa huohuo, kusahau kwamba mgongo nao una mwenyewe. Kwa hiyo haifai kuweka lugha ya mzigo mahali pa lugha ya mandhari na kuitukuza. Inafaa itambuliwe kuwa ni njia nyingine ya kusawiri mahali, yenye mwanga wake na kivuli chake. Jicho la mtazamaji hufuta wakazi, na hesabu ya tajiri hufuta wabebaji.

4.0 Lugha ya mkazi

Aina ya tatu ya usawiri inapatikana kwa Aniceti Kitereza. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyoandikwa kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na mwandishi mwenyewe, ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ukerewe ni kisiwa katika Ziwa Viktoria. Msomaji wa riwaya hii anaishi na ziwa kwa mamia ya kurasa, na ni nadra kulitazama tu. Ziwa huja kwa uvuvi, kwa vyombo, kwa chakula, kwa hatari na kwa maarifa ya anayejua aende lini na arudi lini. Wahusika husafiri mara kwa mara, lakini ni safari fupi za kwenda ukweni, za kutafuta mganga, za kupeleka ujumbe. Njiani hakuna kilele cha kusimama. Kuna salamu. Kila anayekutwa husalimiwa kwa namna impasayo kwa umri na uhusiano, na kwa kufuata salamu hizo msomaji hupata ramani ya kisiwa iliyochorwa kwa watu.

Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama kumbukumbu ya mila, na kuona wingi wa maelezo yake kuwa mzigo kwa msuko. Usomaji huo unapotea kwa sababu unatafuta mandhari iliyotenganishwa na tendo, kisha, isipoiona, unadai kwamba matendo ni mengi mno. Kwa Kitereza, kueleza namna pombe ya ndizi inavyopikwa ni kueleza mahali. Shamba, chombo, kuni, majirani wanaosaidia na wakwe wanaosubiri ndiyo Ukerewe yenyewe. Ukiyaondoa hayo, kitakachobaki ni kisiwa kizuri katikati ya maji, yaani picha ya kadi ya posta.

Hapa tofauti ya aina tatu inaweza kufupishwa. Mtazamaji husema mahali panafanana na nini, na ndiyo sababu ya tashbihi zake nyingi. Mbeba mzigo husema mahali panadai nini. Mkazi husema mahali panafanywa nini, na nani, na kwa utaratibu upi. Aina hizi hazifuatani kwa maendeleo, kana kwamba moja ni changa na nyingine imekomaa, na mwandishi mmoja anaweza kuzitumia zote. Kosa la uhakiki limekuwa ni kuipa ya kwanza jina la kipengele chote.

5.0 Bogoria: kisasili mbele ya tume

Ingeweza kusemwa kwamba haya ni mabishano ya istilahi tu. Ziwa Bogoria linaonyesha vinginevyo. Katika ramani za kikoloni liliitwa Hannington, kwa jina la askofu aliyepita eneo hilo mwaka 1885 kabla ya kuuawa Busoga mwaka huohuo. Mwaka 1973 serikali ya Kenya iliitangaza nchi inayolizunguka kuwa hifadhi ya wanyama, na jamii ya Waendorois, wafugaji waliokuwa wakiishi hapo, iliondolewa. Kwa lugha ya makala haya, nchi iligeuzwa kuwa mandhari kwa maana kamili ya neno: mahali pa kutazamwa na wasioishi hapo.

Waendorois walipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu mwaka 2003. Uamuzi wa Tume, uliotangazwa mwezi Februari 2010, uliona kwamba serikali ilikuwa imekiuka haki zao za dini, mali, utamaduni, rasilimali na maendeleo, na ukapendekeza warudishiwe ardhi yao. Umma wa wanasheria umeuandika sana uamuzi huo. Wahakiki wa fasihi hawajauzingatia inavyostahili, ingawa katikati yake mna kisasili. Waendorois husimulia kwamba wazee wao walizama katika anasa, na Mungu akawaadhibu kwa kuididimiza ardhi usiku mmoja, ndipo ziwa likatokea. Waliosalimika ndio wazazi wa jamii. Husadiki pia kwamba roho za Waendorois wote, popote walipozikwa, hukaa ziwani.

Kisasili hiki kinastahili kuhakikiwa kwa uzito uleule unaopewa riwaya. Katika masimulizi ya mvumbuzi, ziwa liko kwanza, kisha mtu hulifikia. Hapa mpangilio umepinduliwa: watu wako kwanza, na ziwa linatokea kwa sababu ya mwenendo wao. Ziwa ni tokeo la tendo la kibinadamu na la kimungu, na kwa hiyo haliwezi kuelezwa bila watu. Tena halina sifa ya uzuri popote katika muhtasari huo. Lina kumbukumbu ya aibu na makao ya wafu. Jambo la kuvutia ni kwamba simulizi hiyo ilipowekwa mbele ya Tume, ilifanya kazi ya ushahidi. Ilionyesha uhusiano wa jamii na mahali kwa namna ambayo picha nzuri ya heroe isingeweza kamwe. Fasihi simulizi, ambayo vyuoni hufundishwa mara nyingi kama hazina ya zamani ya kuhifadhiwa, hapo ilikuwa hoja katika kesi.

Lakini jicho la mtazamaji halikuondoka. Mwaka 2011 Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, liliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia wa kimaumbile. Tume ya Afrika ilitoa azimio mwaka huohuo ikieleza wasiwasi kwamba Waendorois hawakushirikishwa katika uandikishaji huo. Ulinganisho na ile wilaya ya maziwa ya Uingereza unasema mengi. Wilaya hiyo iliandikishwa mwaka 2017, na iliandikishwa kama urithi wa kiutamaduni. Wachungaji wa kondoo, kuta zao za mawe, na hata washairi waliowaandika, vyote vilihesabiwa kuwa sehemu ya thamani ya mahali. Kwa maziwa ya Uingereza, kazi ya wakazi ni sehemu ya uzuri. Kwa Bogoria, thamani iliyotambuliwa ni chemchemi, miamba na ndege. Maneno yaliyotumiwa katika orodha moja ya dunia yalimweka mchungaji wa kaskazini ndani ya picha na kumwacha mfugaji wa Bonde la Ufa nje yake. Utekelezaji wa uamuzi wa 2010 nao umekwenda polepole.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba neno mandhari litupwe. Istilahi iliyokwisha kuenea haifutwi kwa makala moja, na uzuri wa ziwa linapotazamwa kutoka ukingoni ni kitu halisi ambacho fasihi ina haki ya kukisema. Kinachopendekezwa ni kwamba mhakiki anapofika kwenye kipengele hicho asiridhike kutaja mahali na wakati. Anapaswa kuuliza: anayeeleza amesimama wapi? Nani amebeba vitu vyake? Amelipa nini ili apite, na amemlipa nani? Wanaoishi hapo wanafanya kazi gani ndani ya maelezo yake? Maswali hayo yakiulizwa, kitabu cha Tippu Tip hakitaonekana tena kuwa kitupu, simulizi ya Salim bin Abakari haitaonekana kuwa jambo la ajabu tu, na urefu wa Kitereza utasomeka kama ufundi.

Kuna sababu ya karibu zaidi ya kuyauliza. Tangu karibu mwaka 2010, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda kwa kiasi kikubwa. Baringo imefunika nyumba, malisho, barabara, shule na hoteli, na familia nyingi zimehama. Mtu aliyesimama juu ukingoni anaona ziwa kubwa na zuri zaidi kuliko la miaka iliyopita. Tashbihi ya kioo bado inafaa, pengine inafaa kuliko zamani. Haina uwezo wa kusema kwamba chini ya kioo hicho kuna darasa.

Mwanafunzi wa Sugoi atakayepelekwa kule ataandika insha. Akifundishwa kumwuliza mpiga kasia paa la nani limezama hapo chini, atakuwa ameanza kuhakiki kabla hajarudi nyumbani.